Nani alisoma, nani alichunga: masomo mu ma-ferme ya Djugu



Tangu tulianza kurudi, kila mkutano unafika pa ulizo moja: pesa kidogo ya mfuko wetu iende wapi kwanza? Mabati ya nyumba, ng'ombe, ao masomo ya watoto? Mbele ya kujibu, tuangalie kidogo namna wazee wetu walikomaa mu ma-ferme, kwani tunalipa deni ya ile wakati mpaka leo.

Milima ya Djugu ina baridi na majani mazuri. Mbele ya Wabelgiji, Wahema walichunga pale, Walendu na wengine walilima, na maziwa yalibadilishwa na chakula. Halafu ikakuja sheria. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema udongo usiokuwa na mtu ni wa Serikali. Lakini shamba lililopumzishwa, ao malisho ya kiangazi, mgeni anaona hakuna mtu, kumbe wenyewe wako. Sehemu ya udongo wa namna ile njo ilipewa wazungu kuwa konsesio. Migodi ya dhahabu ya Kilo ilihitaji nyama na chakula kwa wafanyakazi, na kule Nioka, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, ilikuwa na stasio ya kutafuta ng'ombe na majani ya kufaa milima yetu.

Mtoto wa mchungaji aliamka mbele ya jua. Kukamua, kutoa kupe, kupeleka ndama, kuhesabu jioni. Kazi ile ni elimu pia: alijua kila ng'ombe, mama yake na ugonjwa wake. Lakini darasa lilikuwa kwa misheni, kwa Bapadri Weupe ao kwa Waprotestanti kama kule Rethy, na miguu njo ilikuwa motokari. Ng'ombe haingojee mtoto atoke masomo. Basi kama wavulana walikuwa wawili, mmoja alienda kusoma, mwingine alibaki na fimbo. Binti, mara nyingi, alibaki nyumbani.

Aliyesoma miaka miwili mitatu alijua kuandika jina lake, kwa Kiswahili ao lugha ya kwao. Kifaransa kilikuwa juu zaidi, na wachache walifika. Mwaka 1960, Kongo nzima haikuwa na watu 30 wenye diploma ya universite. Tena wakoloni walitanguliza Wahema mu masomo na mu kazi za ofisi kuliko Walendu. Tuseme ile bila hasira: si kosa la mtoto aliyeketi pa banki.

Matunda yake yalionekana mwaka 1973. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai iliandikwa kwa Kifaransa. Tarehe 30 Novemba mwaka ule ule, Mobutu akatangaza zairianizasio, na ma-ferme ya wazungu yakapata wenyewe wapya. Mu Ituri, wengi wao walikuwa Wahema waliosoma na waliojua mlango wa ofisi. Mwenye sertifika, miaka miwili ikipita, ilikuwa vigumu sana kumshitaki. Mkulima ambaye hakuweza kusoma alipata habari siku ya kufukuzwa. Na mchungaji Muhema, masikini, naye hakupata kitu: alibaki na fimbo yake mu ferme ya mwingine.

Mwezi wa 6, mwaka 1999, magomvi ya konsesio mu Walendu-Pitsi yaliwasha moto. Udongo haukuwa sababu moja tu: jeshi la Uganda, wakubwa wa waasi na dhahabu vilimwaga petroli. Kufika 2003, mashirika ya haki za binadamu yalihesabu watu zaidi ya 50,000 waliokufa na 500,000 waliokimbia. Na tangu mwisho wa 2017 tulikimbia tena, na masomo mengi yakachomwa.

Leo Katiba ya 2006 inasema masomo ya msingi ni ya bure, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitimiza. Lakini kaye, uniforme na kuchunga bado viko juu ya mzazi. Njo maana wazo langu kwa mkutano ni hili: masomo kwanza. Ng'ombe zichungwe kwa zamu na watu wazima, ili mtoto asichaguliwe kati ya fimbo na kalamu. Mtoto wa mchungaji na mtoto wa mkulima, mvulana na binti, waketi pa banki moja. Na jioni, sisi wakubwa tufundishwe kusoma karatasi ya ardhi, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Mabati yataoza, ng'ombe itakufa. Lakini mtu asiyeweza kusoma mpaka wa shamba lake, hata akirudi leo, kesho anaweza kufukuzwa tena na karatasi tu, bila bunduki.