Jiometria ya kuhesabu

Jiometria ya kuhesabu ni tawi la jiometria ya aljebra linalouliza swali la aina moja: ni mistari, duara au mipindo mingapi inayotimiza masharti yaliyotolewa? Mpindo hapa ni mchoro wowote unaotokana na mlinganyo wa x na y, kama vile elipsi au parabola. Jibu linalotafutwa ni idadi tu, si michoro yenyewe. Mara nyingi idadi hiyo hupatikana bila kuchora hata mpindo mmoja, na ndiyo maana tawi hili limewahi kutoa majibu yaliyokubaliwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuonekana kuwa si sahihi.

Mifano ya mwanzo

Kupitia nukta 2 hupita mstari mmoja tu ulionyooka. Kupitia nukta 3 zisizo kwenye mstari mmoja hupita duara moja. Kwa mikato ya koni, yaani elipsi, parabola na hiperbola (duara ni elipsi ya pekee), nukta zinazohitajika ni 5. Mlinganyo wa jumla wa mkato wa koni ni

Ax² + Bxy + Cy² + Dx + Ey + F = 0

Kuna namba 6 za kutafutwa, A hadi F, lakini zikizidishwa zote kwa namba moja mchoro haubadiliki. Kwa hiyo masharti 5 yanatosha.

Tuseme mtu amechukua ramani ya Mkoa wa Songwe na kuweka alama kwenye Tunduma, Vwawa, Itumba, Mkwajuni na Kamsamba. Upo mkato mmoja tu wa koni unaopita katika alama zote 5, maadamu hakuna alama 3 zilizo kwenye mstari mmoja. Akichagua Tunduma, Vwawa na Mlowo kwa pamoja, miji ambayo yote iko kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, itambidi apime kwanza. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa: karibu kila jibu la jiometria ya kuhesabu ni kweli tu pale masharti yasipokuwa na mpangilio wa pekee.

Swali la aina hii ni la kale. Apollonius wa Perga, mwanahisabati Mgiriki, alishughulikia duara zinazogusa duara 3 zilizotolewa. Kwa kawaida zinaweza kufika 8. Kitabu chake kilipotea, na habari zake zimefika kwetu kupitia Pappus wa Aleksandria, Misri.

Kosa la 7,776

Mwaka 1848 Jakob Steiner wa Uswisi aliuliza ni mikato mingapi ya koni inayogusa mikato 5 ya koni iliyotolewa. Jibu lake lilikuwa 7,776.

Hoja yake inaeleweka kwa hisabati ya sekondari. Sharti la kupita katika nukta ni mlinganyo wa kipeo cha kwanza katika namba A hadi F. Sharti la kugusa mstari ni la kipeo cha pili: ukiingiza mlinganyo wa mstari katika ule wa mkato, unapata mlinganyo wa kipeo cha pili, na mstari unagusa pale majibu mawili yanapokuwa sawa, yaani b² − 4ac = 0. Sharti la kugusa mkato mwingine wa koni ni la kipeo cha 6. Kanuni ya Étienne Bézout, Mfaransa wa karne ya 18, husema kwamba idadi ya majibu ni zao la vipeo. Kwa hiyo 6 × 6 × 6 × 6 × 6 = 7,776.

Kasoro yake huonekana haraka zaidi katika swali dogo. Ni mikato mingapi inayogusa mistari 5? Kwa hoja ileile jibu lingekuwa 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32, lakini jibu la kweli ni 1. Tofauti inatoka kwenye mistari maradufu, kama ule wa mlinganyo (x − y)² = 0. Kila mstari unaoukata hukutana nao "mara mbili" katika nukta moja, na hivyo b² − 4ac huwa sifuri bila kuwapo mguso wowote wa kweli. Mistari maradufu haina idadi, na yote hutimiza milinganyo ya masharti. Kanuni ya Bézout hailindi hesabu dhidi ya majibu ya uongo ya namna hiyo.

Michel Chasles alitoa jibu sahihi mwaka 1864: ni 3,264. Ernest de Jonquières alikuwa amelipata mwaka 1859 lakini hakulichapisha.

Schubert na Hilbert

Arthur Cayley na George Salmon walionyesha mwaka 1849 kwamba uso laini wa kipeo cha tatu una mistari 27. Hermann Schubert alikusanya mbinu za kuhesabu katika kitabu cha mwaka 1879, zikiwa na nguvu kubwa na misingi dhaifu. David Hilbert aliweka kazi ya kuzipatia misingi imara kuwa tatizo la 15 katika orodha yake ya mwaka 1900.

Fizikia yaingia

Mwaka 1991 wanafizikia Candelas, de la Ossa, Green na Parkes, wakitumia nadharia ya nyuzi, walitabiri kwamba umbo fulani la kipeo cha tano lina mipindo 317,206,375 ya kipeo cha tatu. Wanahisabati Ellingsrud na Strømme walikuwa wamepata 2,682,549,425 kwa kompyuta. Kosa liligundulika katika programu ya kompyuta, na jibu la wanafizikia likathibitika.

Maxim Kontsevich naye alipata kanuni ya kuhesabu mipindo ambayo x na y zake huandikwa kwa kigezo kimoja t, ikipita katika nukta 3d − 1, ambapo d ni kipeo cha mpindo. Kwa d = 1 na d = 2 jibu ni 1, kwa d = 3 ni 12, kwa d = 4 ni 620, na kwa d = 5 ni 87,304. Idadi hizi zinajumuisha mipindo ya namba changamano, isiyoonekana kwenye karatasi. Kati ya ile 12 inayopita katika nukta 8 za namba halisi, angalau 8 huwa ya namba halisi.