Kabati la Vitabu na Mashimo ya Bao

Mwaka 1931 ulikuwa mwaka wa kufungasha chini ya vilima vya Ngong. Shamba la kahawa la Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika Kenya mapema 1914, lilikuwa limelemewa na madeni, na vyombo vya nyumba vikawa vinatafutiwa wanunuzi. Tarehe 14 Mei ndege ndogo ya rafiki yake Denys Finch Hatton ilianguka Voi, akafa, akazikwa juu ya vilima hivyo hivyo. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, Maktaba ya McMillan ikafunguliwa mjini Nairobi. Ilijengwa na Lady Lucie McMillan kwa kumkumbuka mumewe, na mama huyo huyo alinunua sehemu ya samani za Blixen. Baadhi ya samani hizo zikapata makao mapya ndani ya maktaba.

Samani za mgeni zilipata nafasi pale, wenyeji hawakupata. Maktaba ilikuwa ya Wazungu hadi baraza la jiji lilipoichukua mwaka 1962 na kuwafungulia watu wote. Kwa miaka 31 msomaji Mwafrika aliyetoka Ngong au Kajiado aliweza kulitazama jengo lile kwa nje, na ngazi zake zikamwishia hapo.

Nyumba ya Blixen yenyewe, ambayo leo ni jumba la makumbusho katika mtaa wa Karen, ilikuwa na desturi yake ya vitabu. Finch Hatton hakuwa na makazi mengine ya kudumu nchini. Aliishi porini akiongoza safari za uwindaji, na vitabu vyake na gramafoni vilikaa pale shambani vikimsubiri. Akirudi, walikula, wakakaa karibu na moto, na Blixen akamsimulia hadithi alizozitunga wakati mgeni wake yuko mbali. Finch Hatton naye akamfundisha Kilatini, akamhimiza kusoma Biblia na washairi wa Kigiriki. Hicho kilikuwa chama cha wasomaji wawili, katika shamba la ekari 6,000 lililojaa watu.

Wale wengine, Wakikuyu walioishi na kulima humo, Wasomali wa nyumbani na Wamaasai wa ng'ambo ya mto, hawakuhesabiwa katika chama hicho. Hata hivyo karatasi iliwafikia. Katika kitabu chake cha 1937 kuhusu shamba lile, Blixen anaeleza habari za mzee Jogona Kanyagga. Mtoto aliyemlea, Wamai, alikuwa ameuawa kwa ajali ya bunduki, na ili adai fidia ilimbidi aeleze jinsi mtoto huyo alivyokuwa wake. Yeye akasimulia, Blixen akaandika. Baadaye Jogona aliishona karatasi ile ndani ya kifuko cha ngozi kilichonakshiwa kwa shanga, akakivaa shingoni. Mara kwa mara, hasa Jumapili asubuhi, alifika mlangoni, akaitoa na kuomba asomewe tena. Maneno yalikuwa yake mwenyewe na aliyajua yote. Alichokuja kukitafuta ni kuyasikia yakitoka mdomoni mwa mtu mwingine.

Mchezo ulikuwa na njia nyingine kabisa. Ng'ambo ya mto, katika hifadhi ya Wamaasai, wanaume walicheza enkeshui: safu mbili za mashimo, manane au zaidi kila safu, katika ubao au ardhini. Kwa mfugaji, mchezo wa kuteka kete za mwenzako hauhitaji maelezo mengi. Mwenye boma anajua uzito wa kuhesabu jioni na kukuta idadi imepungua. Wakikuyu wa upande wa pili wa vilima walikuwa na giuthi, nayo ya safu mbili. Wajaluo wana ajua. Pwani kuna bao la Kiswahili, lililo gumu kuliko yote hayo: safu nne za mashimo manane, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kete sita kati ya zile kumi hukaa katika shimo moja liitwalo nyumba, na bingwa hujulikana kwa namna anavyoilinda nyumba yake wakati wa kunamua, kabla mkono haujaisha na mchezo kuingia mtaji.

Ngong ilikuwa mahali ambapo michezo ya namna hiyo ingeweza kukutana. Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai enkong'u, yaani jicho au chemchemi. Misafara ya pwani iliyokwenda bara karne ya 19 ilipafahamu kwa jina la Ngongo Bagas, kituo cha mpakani kati ya nchi ya Wamaasai na nchi ya Wakikuyu. Joseph Thomson alipiga kambi hapo mwaka 1883, akisafiri pamoja na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta. Mbele yao kulikuwa na nyika ya wafugaji isiyo na shamba, kwa hiyo msafara ulilazimika kukaa siku nyingi ukinunua chakula kwa Wakikuyu. Mamia ya wapagazi wa pwani walikaa hapo bila mzigo kichwani, wakingoja.

Ni vigumu kupata umri wa michezo hii. Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938, safu za mashimo ya bao zilikuwa zimechongwa katika mwamba wa mahali hapo. Miaka ya karibuni mwanaakiolojia Mkenya, Veronica Waweru wa Chuo Kikuu cha Yale, alieleza habari za mashimo kama hayo kwenye miamba ya hifadhi ya Lewa, mengine yamechongwa juu ya mengine ya zamani yaliyokwisha kulika. Mwamba hauna mkaa wala mfupa wa kupimwa umri, na mashimo yaleyale hutumiwa na vizazi vingi. Lakini kuchongwa upya kunasema jambo: watu waliokuja baadaye walilikuta bao, wakalielewa, wakakaa. Halikuwa na mlango wala mlinzi, na aliyeokota kokoto za kutosha alikuwa amekwisha kuwa mwanachama.

Kitabu kilichukua muda mrefu kujifunza tabia hiyo. Hatua ya kwanza ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale ripoti ya mwandishi Elspeth Huxley ilipozaa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanza kazi Nairobi mwaka 1948. Pamoja na kuchapisha, shirika lilituma masanduku ya vitabu kwenye vituo vya mashambani na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Msomaji hakuhitaji tena kupanda ngazi za jengo lolote, sanduku lilimfuata. Baada ya uhuru, sheria ya 1965 iliunda Huduma ya Maktaba ya Taifa, ambayo mwaka 1996 ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu mgongoni mwa ngamia. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilianza kukarabati Maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara pamoja na serikali ya kaunti ya Nairobi.

Na yaliyomo vitabuni yalianza kuwahusu wasomaji. Mwaka 1905 hadithi, methali na vitendawili vya Wamaasai vilichapishwa Oxford na A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1983 Naomi Kipury, Mmaasai mwenyewe, alitoa Nairobi mkusanyo wake wa fasihi simulizi ya watu wake. Kati ya hao wawili alisimama Henry ole Kulet wa Narok, aliyetoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1971. Riwaya yake kuhusu dada wawili, Taiyo na Resian, ilitoka 2008, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, na mwaka 2018 ikaingia katika vitabu teule vya shule za sekondari.

Kitabu teule hakisomwi na mtu mmoja. Mwanafunzi hukijalidi kwa karatasi ya kaki au gazeti kuukuu. Dada mkubwa nyumbani hukisoma usiku mwanafunzi akilala. Mama akisikia jina la Resian likitajwa mezani huuliza huyo ni nani, na hadithi huanza upya kwa mdomo. Ole Kulet alifariki Februari 2021, akiwa amesomwa na watu wengi kuliko waliowahi kununua nakala.

Leo Ngong na Kitengela ni miji ya watu wanaolala Kajiado na kufanya kazi Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 100,000 Ngong na zaidi ya 150,000 Kitengela. Asubuhi hubebwa na matatu za njia namba 111 na 110, na jioni hurudi nazo, wengine wakiwa na kitabu walichokinunua katikati ya jiji kwa wauzaji wanaotandaza mitumba yao chini, kando ya barabara. Wanairobi wameyaita maduka hayo "inama", kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuyasoma majina ya vitabu.

Kwenye steji, wakati abiria ni wachache, waendesha bodaboda hucheza drafti. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa kalamu ya wino mzito, na kete ni visoda: upande mmoja umevilaza kifudifudi, mwingine umevigeuza chali. Kete ikifika mwisho inavikwa kisoda kingine juu yake na kuwa kingi. Wanaocheza ni wawili, washauri ni saba, na aliyeshindwa humpisha anayefuata. Wapenzi wa mchezo wa maneno nao wana kumbukumbu yao: mwaka 2017 mashindano ya dunia ya Scrabble yalifanyika Nairobi, wachezaji wa mataifa mengi wakihangaikia herufi saba saba mwendo wa saa moja tu kutoka hapo.

Kitabu cha inama kikifunguliwa ndani ya 111, ukurasa wake wa kwanza mara nyingi una orodha. Kuna mhuri wa shule uliofifia, chini yake jina la mwanafunzi na kidato chake, limekatwa kwa mstari. Chini yake jina la pili, nalo limekatwa, na la tatu kwa wino wa rangi nyingine. Chini ya hapo pamebaki nafasi ya kutosha jina moja zaidi, au mawili kwa mwandiko mdogo.