Kongosho, namba na skani ya CT

Leo naweka PHP kando kidogo.

Huku Kakamega mtu akiumwa tumbo sehemu ya juu, maumivu yakapenya hadi mgongoni, wengi wetu tunasema ni alsa. Mara nyingine ni kongosho limevimba, kwa sababu ya mawe ya nyongo au pombe. Wengi hupona kwa siku chache. Kwa wengine sehemu ya kongosho hufa, au maji hujikusanya kando yake, na hapo daktari lazima aone ndani.

Kuona huko kulikuwa kazi. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hulaza kila kitu katika kivuli kimoja. Altrasaundi ni nafuu na huona vizuri mawe kwenye kifuko cha nyongo, lakini gesi ya matumbo huizuia isifike kwenye kongosho.

Jibu lilitoka kwa watu wa hesabu na kompyuta. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town (ndiyo, hapa hapa Afrika), alipoanza kujiuliza jinsi ya kupata picha ya ndani kwa kupiga miali kutoka pande nyingi. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Godfrey Hounsfield wa EMI, aliyekuwa ameongoza utengenezaji wa kompyuta EMIDEC 1100, akafika huko kwa njia yake mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo, London. Vipimo 28,800 kwa kipande kimoja, kisha picha ya pikseli 80 kwa 80! Ikoni kwenye simu yako inaishinda. Mwaka 1979 wawili hao waligawana tuzo ya Nobel. Mashine ya mwili mzima aliileta Robert Ledley, Washington, mwaka 1974.

Ninachopenda ni kwamba kila pikseli ni namba: maji 0, hewa -1000. Mgonjwa akidungwa dawa ya rangi, namba za kongosho lililo hai hupanda. Sehemu iliyokufa haipati damu, kwa hiyo zake hazipandi. Emil Balthazar na wenzake, New York, walipanga madaraja A hadi E mwaka 1985, na mwaka 1990, kwa msingi huo, wakaongeza kiasi kilichokufa: alama 0 hadi 10.

Ila muda una maana. Familia inaweza kuchanga pesa ya skani siku ya kwanza, na sehemu inayokufa ikaonekana nzima. Kama ugonjwa wenyewe hauna shaka, kwa kawaida husubiriwa siku tatu au zaidi. Baada ya wiki nne hivi maji yaliyobaki hujijengea ukuta, na hapo CT mara nyingi haioni kama ndani kuna maji matupu au vipande vya nyama iliyokufa. MRI huviona vizuri zaidi. Maji matupu hutoka kwa mrija mwembamba, vipande huuziba.