Soda alikuwa na namba, mke wake hakuwa nayo



Karibu kila mkutano wa chama chetu unafika kwenye maswali mawili yaleyale. Mama anasimama na kusema: bwana yangu alikuwa soda, alikufa kwa kazi ya leta, sasa mimi na watoto tuko na haki gani? Kisha mzee mmoja anasimama naye: mimi nilirudisha bunduki, nikapewa karatasi, pensheni yangu iko wapi? Watu wanayasikia kama swali moja. Si moja. Kwa kuyachanganya, watu wetu wa kando ya ziwa wamepoteza miaka mingi: wengine wanangojea kitu ambacho hakuna aliyewaahidi, na wengine wana haki lakini hawaombi. Kamati imetaka tuandike jambo hili lilitoka wapi, hata kama ni kwa kifupi.

Tuanze mbali. Askari wa Bulamatari waliitwa Force Publique. Katika vita ya kwanza ya dunia walivuka kupigana na Wajerumani, na Septemba 1916 jeshi la jenerali Tombeur liliingia Tabora. Shule zetu zilifundisha jina la Tabora kwa sifa. Zilisema kidogo sana juu ya wapagazi. Wanakadiriwa kuwa watu kama 260,000 waliobeba risasi, chakula na mizigo ya wazungu kwa miguu, na maelfu mengi hawakurudi. Askari alikuwa na namba yake, mshahara wake na mkubwa wake aliyemjua kwa jina. Mpagazi hakuhesabiwa kuwa askari, na familia yake haikuhesabiwa kuwa familia ya askari, ijapokuwa ugonjwa na njaa vilimuua kwenye njia ileile ya vita.

(Kwa wale wanaopenda habari za meli: ile Liemba ni ya vita hiyo. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, Waingereza wakaitoa majini na kuipa jina jipya. Mwaka 1997 ndiyo iliyorudisha maelfu na maelfu ya wakimbizi Kongo. Wako wanachama wetu waliolala juu ya sitaha yake bila kujua hayo.)

Baada ya vita, Force Publique ilikuwa jeshi la kuandikishwa kwa miaka 7. Askari aliishi kambini pamoja na mke wake, na wakubwa walipenda iwe hivyo, juu askari mwenye mke hakimbii ovyo. Mke alipika, alilima shamba la kambi, alizaa na kulea humo humo. Alifuata mumewe kutoka kambi moja mpaka nyingine, mbali na kwao. Alikuwa ndani ya jeshi kila siku, lakini jina lake lilikuja nyuma ya jina la mumewe, na mume akifa, kambi haikuwa tena nyumba yake. Desturi hii haikufa na ukoloni. Hata leo mjane wa soda anajua siku ya kuambiwa atoke kambini.

Vita ya pili askari wa Kongo walifika Abyssinia. Walipita Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwao huko Saio. Wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina. Mwezi Juni 2022, Philippe mfalme wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa, alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetajwa kuwa wa mwisho kati ya wale waliobaki. Tuliona picha zile kwa furaha. Lakini ilikuwa imepita zaidi ya miaka 75 tangu vita kuisha, na nishani haichemki ndani ya sufuria.

Mwaka 1960 Force Publique ikawa jeshi la taifa, na mwaka 1971, nchi ilipoitwa Zaïre, ikawa FAZ. Hapa tuongee juu ya franka, sababu wazee wengi wanadhani kuna mtu mmoja aliyekula pensheni zao. Walaji walikuwepo, hatukatai. Lakini franka yenyewe ilikufa. Zaïre ilipoanza mwaka 1967, zaïre moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwezi Januari 1993 masoda walilipwa kwa noti za zaïre milioni 5, wenye maduka wakazikataa, na masoda wakaingia barabarani kuvunja na kupora, kama walivyofanya Septemba 1991. Oktoba ya mwaka huohuo ikaja zaïre mpya: moja mpya kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka kongolé: franka moja kwa zaïre mpya 100,000. Fanyeni hesabu. Franka moja ni zaïre za zamani bilioni 300. Mzee aliyekuwa na haki ya pensheni ya zaïre 20 kwa mwezi, ambayo mwaka 1967 ilikuwa dola 40, amebaki na kitu ambacho hata sarafu yake haipo. Haki ilikuwa bado imeandikwa. Ila haikuweza kununua hata kipande cha sabuni.

Kisha ikaja vita yetu wenyewe. Oktoba 1996 Uvira ilianguka, watu wakaingia mitumbwi kuelekea Kigoma. Kati yao walikuwamo askari wa FAZ na familia zao. Karatasi ya jeshi ikageuka hatari: ukikutwa nayo njiani, unaweza kuuawa na upande mmoja au mwingine. Wako waliochoma vitabu vyao vya utumishi, wako waliozika ndani ya chupa wakasahau mahali. Na huko Tanzania, kambi ya mkimbizi ni ya raia, ndiyo sheria. Kwa hiyo kule Lugufu na Nyarugusu wako walioandikwa kuwa wavuvi ao wakulima. Leo mjane anatafuta kuonyesha kwamba mumewe alikuwa soda, na karatasi moja tu aliyobaki nayo inasema alikuwa mvuvi. Hatumlaumu mtu. Ilikuwa ni kuponyesha maisha.

Vita ya pili, ile ya 1998, ilileta majeshi mengi: ya Kinshasa, ya RCD, ya Mai-Mai na mengine. Baada ya makubaliano ya Desemba 2002 yote yalitakiwa kuwa jeshi moja, FARDC. Aliyetaka kubaki soda alikwenda kwenye mchanganyiko, brassage. Aliyetaka kurudi raia alipita CONADER, tume iliyowekwa Desemba 2003. Huyu wa pili alipewa dola 110 za njia na za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12, nyingine zikipitia simu, na mafunzo ya kazi kwa aliyebahatika. Zaidi ya watu 100,000 walipita njia hii nchini kote. Malipo yalichelewa, wengine waliandamana, lakini hatukubali kusema ilikuwa bure. Dola 25 mwaka 2005 zilinunua nyavu, na nyavu zile zililisha nyumba.

Sasa tusikilizane vizuri. Ile ilikuwa musaada wa kuanza maisha. Haikuwa pensheni. Miezi 12 ilipokwisha, hesabu ya leta na mtu yule ilikwisha. Karatasi ya kudemobilizwa inaonyesha kwamba ulitoka kwa vita kihalali, na ni vizuri kuitunza, lakini haifungui mlango wa pensheni. Mzee anayelipa teksi-moto kila mwaka kwenda mjini na karatasi hiyo, na anayemlipa "mjuaji wa ofisi" amfuatilie dosie, anaibiwa. Tunasema hivyo waziwazi, sababu mwanachama wetu mmoja aliuza mbuzi wawili kwa jambo hili.

Wanawake walipata kidogo zaidi. Wasichana waliochukuliwa na vikundi wakiwa wadogo walionekana kuwa "wake" ao "watu wa nyumba" wa wapiganaji, basi wengi hawakuandikwa hata. Mwenye bunduki alipokelewa kwanza. Aliyepikia wenye bunduki alirudi kijijini kwa miguu yake, na mtoto mgongoni. Hilo ndilo kosa la 1916 tena, la kumhesabu mtu mmoja na kumwacha aliyebeba mzigo.

Na familia zilipopelekwa pamoja, haikuwa heri kila mara. Mwaka 2013 wapiganaji waliojisalimisha mashariki walipelekwa pamoja na wake na watoto kwenye kambi ya Kotakoli, mbali sana katika Equateur. Kufikia 2014 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa humo kwa njaa na magonjwa. Vijana wa msituni wanalijua jina la Kotakoli kuliko majina ya miradi yote mizuri, na mfadhili anayeshangaa kwa nini kijana haleti bunduki yake aanze kwa kuuliza habari hiyo.

Mpango wa sasa, P-DDRCS, uliowekwa Julai 2021, unataka kusaidia jamii nzima inayompokea mtu, si kumpa yeye peke yake franka mkononi. Kwa maoni yetu wazo hilo ni zuri kuliko yaliyotangulia. Tunangojea kuliona likitembea huku kwetu.

Pensheni ni jambo lingine kabisa. Inahusu askari wa jeshi la leta aliyestaafu, aliyelemazwa na kazi, ao aliyekufa akiwa katika kazi. Kuna sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya askari wa FARDC, na ndani yake mjane na yatima wametajwa. Tunajua umbali kati ya sheria na mfuko: wazee wenye mvi wamebaki kwenye orodha ya jeshi sababu kustaafu kunawatisha kuliko vita. Lakini mjane wa askari aliyekuwa kwenye orodha ana mahali pa kusimama. Kwake kinachokosekana ni karatasi tatu ao nne: ya ndoa, ya kifo, za kuzaliwa kwa watoto, na namba ya bwana wake jeshini.

Ya ndoa ndiyo ngumu. Wengi wetu tulioana kienyeji, mahari ikatolewa mbele ya wazee wa pande mbili, na kwa sisi hiyo ni ndoa kamili. Leta inataka iwe imeandikwa kwenye ofisi ya hali ya raia. Ndoa isiyoandikwa, bwana akifa, ndugu zake wanaweza kusimama na kusema mwanamke huyu ni nani? Ya watoto waliozaliwa kambini Tanzania, tafuteni kwanza karatasi za kule kabla ya yote. Zikikosekana, mahakama inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti, lakini kuna malipo na kuna safari.

Ndugu wafadhili, mlituuliza kwa nini sehemu ya mfuko mwaka huu imetoka kwenye majembe na mbegu kwenda kwenye karatasi. Jibu ni hilo. Jembe linaisha kwa misimu miwili. Mjane aliyeandikishwa ndoa yake anaweza kusimama ofisini mwenyewe, na hata kama pensheni itachelewa, shamba la mumewe halichukuliwi kirahisi.

Ndugu wanachama, leteni mlichonacho kwa katibu: karatasi ya jeshi hata ikiwa nusu, kadi ya kambi, picha yenye sare, jina la kikosi na la mkubwa wake. Katibu ataandika na kuwarudishia. Karatasi ya asili ibaki kwenu, msimwachie mtu, hata sisi. Wenye ndoa ya kienyeji na mabwana wangali hai, nendeni wote wawili mkaandikishe sasa. Na masoda wetu mlio kazini, waambieni wake zenu namba yenu.