Malta: Lugha ya Jikoni Iliyofika Bunge la Ulaya

Wasee, leo wacha tuongee kuhusu Malta, kale kanchi ka visiwa kusini mwa Sicily. Waarabu waliiteka mwaka 870. Wakaja Wanormani, halafu askari-watawa wa Mtakatifu Yohana wakaitawala kutoka 1530 hadi Napoleon alipowatimua 1798. Waingereza nao wakakaa mpaka uhuru, 1964.

Kwa karne nyingi kortini na kwa wasomi ilikuwa Kiitaliano. Kimalta kilionekana cha jikoni na shambani tu. Lakini raia hawakukiacha. Mwaka 1934 kikawa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Malta ilipoingia Umoja wa Ulaya 2004, kikaingia nayo.

Hebu sikia: kitabu wanaita ktieb, dunia ni dinja, sita ni sitta. Chimbuko ni Kiarabu, kama haya yetu.

Watalii hupiga picha ngome za Valletta, na ni poa. Mimi naona urithi mkubwa zaidi ni ule uliolindwa na mama wa kawaida akiongea na mtoto wake. Sasa wewe unayemcheka mwenzako akiongea kikwao, unajenga nini?