Historia ya Kikuza Sauti: Kutoka Sikio Moja Mpaka Darasa Zima

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima ya Musoma, Bunda na Butiama

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, maana leo pana mahali pa kuandika.

Somo letu la leo ni historia ya chombo kiitwacho kikuza sauti. Mafundi wengi hukiita amplifaya. Chombo hiki kimo ndani ya kila redio, ndani ya kila simu ya mkononi, na katika vipaza sauti vya misikitini na makanisani. Kazi yake ni moja tu: kuipokea sauti iliyo dhaifu na kuitoa ikiwa na nguvu. Tutaona kilivyoanza, kilivyotufikia, na jinsi mafundi wanavyokifungua na kukibadilisha ili kiwafae watu.

ZAMANI ZA SIKIO MOJA

Redio nyingi za mwanzo hazikuwa na kikuza sauti. Zilikuwa na waya mrefu, kipande kidogo cha jiwe la madini, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Hazikutumia betri hata moja. Nguvu yote ilitoka katika mawimbi yenyewe yaliyopita hewani, na nguvu hiyo ilikuwa ndogo sana. Kwa hiyo aliyesikia ni yule tu aliyevaa visikilizio. Wenziwe waliokaa karibu naye hawakusikia kitu.

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza vali, chombo cha kioo kinachofanana na balbu ya taa. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza sehemu ya tatu ndani ya vali hiyo. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta kikuza sauti.

Ili tuelewe, tufikiri habari ya tangi la maji lenye koki. Mtoto mdogo hawezi kulibeba tangi, lakini anaweza kuizungusha koki kwa vidole viwili. Akiifungua kidogo, maji kidogo hutoka. Akiifungua sana, maji mengi hutoka. Betri ni tangi. Sauti dhaifu ni mkono wa mtoto. Kikuza sauti ni koki. Basi tukumbuke: kikuza sauti hakiumbi nguvu, bali huigawa nguvu iliyomo ndani ya betri kwa kuifuata sauti ndogo. Ndiyo maana redio inayopigwa kwa sauti kubwa humaliza betri upesi.

JINSI KILIVYOTUFIKIA

Vali zilikuwa na matata. Zilitaka kupashwa moto kabla ya kufanya kazi, na zilikula betri nyingi. Mwaka 1949 redio ya bei nafuu ilianza kuuzwa Lusaka, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Harry Franklin, aliyeshughulika na habari katika serikali ya huko, alitaka redio ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ikaitengeneza ndani ya umbo la sufuria, na watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilinunuliwa mbali.

Mwaka 1951 kituo cha redio kilianza kutangaza Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania. Kutoka Dar es Salaam mpaka Musoma ni zaidi ya kilomita 800, hata ukienda kwa mstari ulionyoka kama arukavyo ndege. Mawimbi mafupi huweza kusafiri masafa hayo kwa sababu hugonga tabaka la juu la anga yakarudi chini. Lakini hufika yakiwa yamechoka, na pasipo kikuza sauti hayasikiki.

Wakati huo huo jambo jingine kubwa lilikuwa limekwisha kutokea. Desemba 1947, huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi la William Shockley, walitengeneza transista. Transista ilifanya kazi ile ile ya vali, lakini ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, haikutaka kupashwa moto, na ilitosheka na betri ndogo za tochi, zile ambazo wengi huziita mawe. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani ilitoka Marekani, nayo ilikuwa na transista 4 tu. Tangu hapo redio iliweza kwenda na mchungaji malishoni na mvuvi ziwani.

REDIO MOJA, WATU WENGI

Sasa tuje nyumbani Mara. Kuanzia mwaka 1968 mpaka 1972 serikali, ikisaidiwa na UNESCO, iliendesha mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilitangazia taifa kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39.

Hesabu hizi husomwa mara nyingi. Lakini tujiulize: redio ndogo yenye spika isiyozidi kiganja iliwezaje kusikiwa na kikundi kizima chini ya mwembe, huku upepo unavuma na watoto wanalia? Hapa ndipo fundi wa redio anapoingia katika historia, ingawa jina lake halimo vitabuni. Tuzitazame njia nne za fundi, na sababu ya kila moja.

Njia ya kwanza ni sanduku. Spika hutoa sauti mbele na nyuma pia. Sauti ya nyuma ikizunguka na kukutana na ya mbele, hupunguzana, hasa sauti nene. Spika ikifungwa katika sanduku la mbao, sauti ya nyuma huzuiwa, na ya mbele hushiba bila kuongeza betri.

Njia ya pili ni betri za nje. Redio ya betri 2 hutaka volti 3, maana kila betri ina volti 1.5. Ukizipanga betri 4 mstari mmoja, unapata volti 6, na redio ya volti 3 huweza kuungua. Lakini ukipanga safu 2 zenye betri 2 kila moja, kisha ukaziunga safu hizo sambamba, volti hubaki 3 na muda wa kusikiliza huongezeka karibu mara mbili. Betri ni zile zile 4. Tofauti ni maarifa tu.

Njia ya tatu ni kubadili transista. Transista za zamani zilikuwa za madini ya jerimani, na joto huzisumbua. Za silikoni hustahimili joto zaidi. Lakini fundi hawezi kung'oa moja na kupachika nyingine tu. Ya jerimani huanza kupitisha umeme ikipata kama volti 0.2 au 0.3, na ya silikoni hutaka kama 0.6. Asipobadili na vikinza vilivyo kando yake, sauti itatoka imekwaruzika.

Njia ya nne ni ya siku hizi. Mwaka 1958 Jack Kilby alionyesha jinsi vipande vingi vinavyoweza kuunganishwa katika kipande kimoja. Leo kikuza sauti kizima huingia katika kijidude chenye miguu 8. Mmoja unaojulikana sana kwa mafundi ni LM386. Peke yake hukuza mara 20. Ukiunga kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, hukuza mara 200. Kwa visikilizio vya masikioni mara 20 zinatosha; mara 200 huleta na kelele nyingi. Kapasita inayopeleka sauti kwenye visikilizio nayo ina kazi yake: ikiwa ndogo mno, sauti nene hupotea, na ngoma husikika kama debe.

KUSOMA KIFAA

Wanafunzi wapenzi, kazi hii yote ni kusoma. Kapasita huandikwa mikrofaradi na volti. Iliyoandikwa 16V isiwekwe penye volti 25. Kapasita nyingi zenye umbo la kopo zina mstari ubavuni wenye alama ya kutoa. Huo ndio mguu wa hasi. Ukiigeuza, huvimba na huweza kupasuka usoni pa fundi.

Kikinza husomwa kwa rangi. Andikeni: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya machungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Katika kikinza cha kawaida rangi mbili za kwanza ni tarakimu, na ya tatu ni idadi ya sifuri. Kahawia, nyeusi, nyekundu: 1, 0, na sifuri mbili. Ni omu 1,000.

NANI ANASIKIA?

Historia hii imezunguka. Tulianza na visikilizio vya mtu mmoja, tukafika spika ya kikundi, na leo vijana wamerudi kwenye visikilizio, kila mmoja na sauti yake. Si vibaya, lakini tusisahau kwamba mwaka 1973 watu walisikia pamoja, ndipo wakaamua pamoja.

Tena visikilizio vyenyewe vinaweza kurudisha mtu darasani. Mzee ambaye masikio yake yamepungua nguvu hukaa nyuma, hajibu swali, na wenziwe hudhani hafahamu. Siku moja haji tena. Kikuza sauti kidogo chenye maikrofoni mbele ya mwalimu, na visikilizio masikioni mwake, huweza kumfanya alifuate somo. Kwanza apelekwe hospitali apimwe. Kisha sauti isizidishwe, kwa kuwa kelele kubwa ya muda mrefu huharibu masikio, na yaliyoharibika kwa njia hiyo hayaponi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini redio hula betri zaidi sauti ikiongezwa?
2. Una betri 4 na redio ya volti 3. Chora jinsi utakavyoziunga.
3. Soma kikinza hiki: njano, zambarau, nyekundu.
4. Katika darasa lenu, yuko nani asiyesikia vizuri? Mtamfanyia nini kabla ya somo lijalo?

Swali la nne lisijibiwe kwa kalamu tu. Kwaherini.