Kifundo cha mguu kikichakaa: kukiunganisha ao kukibadilisha?

Pikipiki ikianguka kwenye zile kilometa 54 kati ya Butembo na Beni, mara nyingi mguu ndio unaobaki chini yake. Kifundo kinavimba, kinakandwa kwa maji ya moto, uvimbe unashuka, mtu anarudi kazini. Miaka inapita. Kisha asubuhi moja anashuka kitandani na hawezi kukanyaga vizuri mpaka azunguke nyumba kidogo. Hiyo ndiyo artrozi ya kifundo: lile gegedu laini linalofunika ncha za mifupa limekwisha, sasa mfupa unasuguana na mfupa.

Goti na nyonga, kwa wengi, huchakaa kwa uzee. Kifundo sivyo. Kati ya wagonjwa kumi, karibu saba waliumia hapo zamani. Juu ya nini? Kifundo ni kama tundu na kipande cha ubao kilichochongwa kuingia sawasawa: juu kuna mfupa wa muundi na ule mwembamba wa pembeni, chini kuna mfupa mdogo unaoitwa talusi. Mwaka wa 1976, watafiti wa Marekani walipima wakaona kwamba talusi ikisogea kando milimita 1 tu, eneo la mifupa kugusana linapungua kwa asilimia 42. Uzito wote wa mwili na wa mzigo unabanwa mahali padogo, na gegedu linaliwa pole pole.

Milimita moja haionekani kwa macho, wala mkono wa mzee anayenyoosha mifupa hauwezi kuisikia, hata awe hodari namna gani. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Inatakiwa radio (siyo sisi, ile picha ya hospitali), na mfupa ukiwa umehama urudishwe mahali pake katika siku za kwanza, mara nyingi kwa plaki na visi. Artrozi nyingi ya kifundo ingezuiliwa hapo, kwa bei ndogo sana kuliko ile inayofuata.

Ikiwa imeshafika, kisu si cha kwanza. Kiatu kigumu kinachopanda juu ya kifundo kinasaidia. Fimbo pia, lakini ishikwe kwa mkono wa upande ule mwingine, siyo upande wa mguu unaouma. Kupunguza uzito kunasaidia. Tuseme na hili: kuna watu wanaokunywa diklofenaki kila siku kama chai, miezi na miezi. Dawa hiyo inatoboa tumbo na kuharibu figo.

Yote hayo yakishindwa, kuna operesheni mbili.

Ya kwanza ni kuunganisha. Daktari wa Vienna, Eduard Albert, alianza kuifanya katika karne ya 19. Wanaondoa gegedu lililobaki, wanakaza talusi na muundi kwa visi, na mifupa miwili inaota kuwa mmoja. Maumivu yanaondoka kwa sababu hakuna tena kinachosuguana. Kifundo hakikunji tena, lakini mtu hatembei kama mti: viungo vidogo vya mbele ya mguu vinafanya sehemu ya kazi. Kuchuchumaa na kupanda kilima kunakuwa kugumu zaidi, na baada ya miaka mingi viungo vya jirani vinaweza kuchakaa nao.

Ya pili ni kubadilisha kiungo, yaani protezi: chuma juu, chuma chini, na plastiki ngumu katikati. Wafaransa Lord na Marotte waliijaribu mwaka wa 1970. Zile za kwanza, zilizokazwa kwa sima, zililegea, na madaktari wengi wakaziacha. Zilizofuata, kama ile ya Denmark iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 2009, zinadumu zaidi, lakini bado si za milele. Zingine zinarudiwa kupasuliwa kabla ya miaka 10.

Ipi inashinda? Mwaka wa 2022 Waingereza walitoa matokeo ya wagonjwa karibu 280 wenye miaka 50 kwenda juu, waliogawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepona maumivu sana, na katika kutembea na kusimama tofauti haikuwa ya kutegemea. Vidonda vilivyochelewa kupona vilikuwa asilimia 13 hivi kwa protezi, na 6 hivi kwa kuunganisha. Upande mwingine, asilimia 12 ya walioungwa, mifupa ilikuwa haijashikana bado.

Sasa mtazame mama anayepanda kilima cha Lubero na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ao taksimeni wa miaka 35. Protezi haikutengenezwa kwa ajili yao. Inamfaa zaidi mtu mwenye umri, asiyebeba mizigo, anayeweza kurudi kwa daktari yule yule miaka yote, zaidi sana ikiwa vifundo vyote viwili vimeharibika. Na isiwekwe kamwe kwenye kiungo chenye usaha ao kifua kikuu cha mfupa, wala kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Kwa wengi wetu hapa, kuunganisha si kupewa kitu cha maskini. Ni operesheni inayostahimili kazi yetu.

Zamani wengi walishuka Goma, kwa HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23, na macho mengi yanaelekea Kasindi, kuvuka kwenda Uganda. Kabla ya kuuza shamba kwa safari hiyo, mwulize daktari wa Butembo ao Beni: je, kuunganisha kunaweza kufanyika hapa? Anayekushauri protezi, amewahi kuweka ngapi? Ikilegea, nani ataitoa? Hesabu pia majuma sita mpaka kumi na mawili ya plasta, mengi yake bila kukanyaga, na nani atalima wakati huo. Picha za radio, hata zile za ajali ya zamani, zibebe zote.